Kiasi cha Bunduki

Ujumbe wa sauti uliingia saa tano usiku, wakati malori ya bandarini yamepungua kwenye Barabara ya Kilwa na mtu wa Kurasini anaweza kusikia simu yake. Alikuwa binamu yangu. Alizaliwa mtaa huu huu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Leo anaishi Ohio, Marekani, na mapenzi yake ni kulenga shabaha. Hushiriki mashindano ya Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, yaliyoanza kufanyika pale mwaka 1907, na risasi zake hujitengenezea mwenyewe. "Kaka," alisema, "namfundisha binti yangu kazi hii, na nimeapa nitamfundisha kwa Kiswahili. Sasa nimekwama. Mezani nina vitu vinne, vyote naviita risasi. Binti ana miaka kumi na tisa, si mtoto wa kudanganywa. Ananiuliza: baba, risasi ipi?"

Swali hilo lilininyima usingizi, nami sikulionea uchungu.

Vitu vyenyewe ni hivi. Kuna kikopo chembamba cha shaba, kimezibwa chini na kiko wazi juu. Kuna kitufe kidogo kinachokaa kwenye tundu la kitako chake, kikigongwa hutoa cheche. Kuna unga unaoungua. Na kuna kile chenye ncha kinachoruka kwenda kutoboa karatasi. Vikiunganishwa vyote, kitu kizima nacho ni risasi. Tena neno hilo lilipotufikia kutoka Kiarabu lilikuwa jina la madini, ile metali nzito, laini, ya kijivu, na hata leo tunaonywa kuhusu rangi za nyumba zenye madini ya risasi. Neno moja limebeba mizigo mitatu au minne, na halijalalamika kwa sababu hatujawahi kulidai hesabu.

Kwa mwananchi wa kawaida halina ubaya. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaposema risasi, kila mtu anaelewa. Tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka Mbagala na watu zaidi ya 20 wakafa, sisi wa huku tuliona madirisha yakitetemeka, tukasema neno moja tu: mabomu. Ndani ya ghala mlikuwa na silaha za namna nyingi, lakini tukio lilibaki na jina hilo, mabomu ya Mbagala. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni haulizwi istilahi. Anayepima baruti kwa mizani yuko mahali pengine kabisa. Yeye akichanganya majina atachanganya na vitu, na uso wake uko sentimita chache kutoka pale moto unapowaka.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Rufiji, ambaye utotoni alimfuata baba yake kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori. Silaha yao ilikuwa gobore. Nikamwamkia, nikamweleza shida ya binamu. Hakushangaa hata kidogo.

"Mwanangu, hilo ni jambo la kawaida," alisema. "Sisi hatukununua risasi. Tulishindilia."

Kisha akasimama, akashika fimbo yake ya kutembelea kana kwamba ndiyo gobore lenyewe, akanionyesha. Kwanza baruti, inapimwa kwa kipande cha mwanzi. Halafu kitambaa au nyuzi za mnazi. Unashindilia kwa mdeki mpaka mkono usikie kwamba imekaa. Halafu vyuma au risasi, halafu kitambaa tena. Mwisho fataki, juu ya kifa, pale inapogongwa. "Kiasi chake baba alikijua kwa ule mwanzi. Ukizidisha, gobore linakurudi begani. Ukipunguza, nguruwe anaondoka na mihogo yako."

Kiasi! Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeokota pete yake. Katika kamusi za zamani za Kiswahili cha Unguja, walizoandika wamisionari na watu waliowafuata, kiasi si kipimo tu. Kiasi cha bunduki, wingi wake viasi, ni ile baruti na risasi vilivyopimwa na kufungwa pamoja tayari kwa mlio mmoja. Yaani kile kitu kizima ambacho binamu yangu alikosa jina lake. Neno limetoka Kiarabu, kwenye maana ya kupima na kulinganisha, na wazee wakaliona linafaa kuliko jingine lolote, maana mlio mmoja kweli ni kipimo kimoja. Hakuna lugha ninayoijua iliyoliita jambo hili vizuri zaidi.

Basi kwa nini tulilipoteza? Naamini jibu liko kwenye barabara hii hii. Ukiifuata kusini, ukapita Mbagala, ukavuka Rufiji, unafika nchi ya Wamatumbi na Kilwa, ambako Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905. Wapiganaji wenye bunduki walikuwa wengi wao na magobore, kila mmoja akijipimia kiasi chake. Askari wa Wajerumani walikuwa na bunduki za kiwandani zinazotumia risasi za kiwandani, zote sawa, zinazotoka kwenye sanduku. Anayefungua sanduku hana haja ya mdeki, wala kifa, wala kipande cha mwanzi. Ana haja ya neno moja la kuagizia. Kazi ilipoondoka mikononi mwa watu, maneno ya kazi yakaifuata, na risasi ikarithi yote. Kinachonigusa ni kwamba binamu yangu, mwenye vyombo vya kisasa huko Ohio, anafanya kazi ambayo baba wa jirani yangu aliifanya chini ya mwembe. Anachokosa ni msamiati ambao yule mzee hakuwahi kuupoteza.

Nikaanza kuokota mengine. Kile chenye ncha kinachoruka, magazeti na mahakama hukiita kichwa cha risasi, nacho kinaeleweka. Lakini kamusi hizo hizo za zamani zina popoo. Popoo ni lile tunda gumu linalotafunwa kwa tambuu na chokaa, na ni pia risasi ya bunduki, kwa umbo lake la duara. Nilipoliona nilicheka kwa furaha, kwa sababu Waarabu nao walipita njia hiyo hiyo. Neno lao la asili, bunduq, ni kokwa, lile tunda dogo gumu la miti ya nchi za baridi. Likawa jina la kigololo cha kurushwa, kisha la chombo kinachorusha, na ndivyo lilivyotufikia sisi kama bunduki. Wengine hulihusisha na jina la Kiarabu la mji wa Venisi, lakini mimi nasimama na kokwa. Watu wawili wa pwani mbili walitazama kitu kile kile cha duara, wakakumbuka kinachotafunwa.

Kitufe cha cheche hakina mjadala: ni fataki. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikaja ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe. Ikaja ya fataki. Najua vijana wa Dar es Salaam wakisikia fataki wanamkumbuka yule mtu mzima anayewanyemelea mabinti wa shule, kutoka matangazo ya redio yaliyovuma mwishoni mwa miaka ya 2000. Neno lina mabega mapana, litabeba yote mawili.

Kikopo cha shaba kilinipa taabu zaidi. Sote tunasema ganda. "Polisi waliokota maganda matatu ya risasi eneo la tukio." Ganda ni la yai, la karanga, la ndizi, yaani kilichobaki baada ya chenye thamani kutoka. Lakini kwa mtengenezaji, hicho ndicho chenye thamani. Binamu hupiga, kisha huinama nyasini kutafuta maganda yake moja moja, maana atayatumia tena na tena. Nilifikiria ala, ya kisu au ya panga, inayotunzwa na kurudiwa. Mwisho nilibaki na ganda. Neno lililo midomoni mwa watu halifukuzwi kwa hoja, na mtu akishaliokota ganda mara tano ataliheshimu hata bila jina jipya.

Ganda likishapigwa hutanuka, likachukua umbo la chumba cha bunduki lilimokaa. Ili litumike tena husukumwa kwa nguvu ndani ya pango la chuma kigumu linalolibana lirudi umbo la mwanzo. Pango hilo ni kalibu. Sonara anaijua kalibu, mwenye kufinyanga na kusubu anaijua. Na hapa kuna siri tamu. Wataalamu wengi wa asili ya maneno wanasema neno hilo la Kiarabu ndilo lililosafiri hadi Italia na Ufaransa, likawa jina la upana wa mtutu wa bunduki, likafika kwa Waingereza, kisha likarudi kwetu kupitia kurasa za michezo, "mshambuliaji wa kaliba yake". Kalibu na kaliba ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikuja kwa jahazi, mwingine alizunguka Ulaya nzima.

Bunduki ya binamu ni Garand, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1936. Humeza risasi nane kwa pamoja, na kila mlio hutumia gesi ya baruti kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, ingawa kidole lazima kivute kila mara. Wengi wanaiita nusu-otomatiki. Mimi nilimwambia aseme bunduki inayojilisha, kama tunavyosema kulisha mashine ya kusaga. Jina hilo lina faida, kwa sababu linaeleza hatari. Anayelishwa kwa mkono anaweza kusaidiwa tonge likikwama. Anayejilisha hana mtu wa kumsaidia. Kwa hiyo ganda lote, kuanzia kitako hadi shingo, lazima lipite kwenye kalibu, liingie chumbani bila kusukumwa. Na fataki lazima ikae ndani kidogo ya uso wa kitako, kwa kuwa kwenye Garand pini ya kugongea iko huru, na huigusa fataki kila risasi inapoingia.

Baruti hupimwa kwa mizani ndogo, kwa kipimo cha zamani kilichotokana na mbegu ya shayiri. Ratili moja ina 7,000, gramu moja ina kumi na tano na ushei. Nilisema tuiite punje, akakubali papo hapo.

"Lakini siri yenyewe ni nini?" nilimuuliza. "Nguvu?"

"Hapana, kaka. Kufanana. Ya ishirini iwe kama ya kwanza. Ukiwa mita mia tano na zaidi, tofauti ya punje chache unaiona kwenye karatasi."

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimefungua ukurasa wa shabaha. Leo shabaha ni lengo, au uhodari wa kulipata. Mchezaji ana shabaha. Kamusi za zamani zinaongeza maana ya pili, mfanano, jirani ya shabihi na shabihiana. Nikamsomea polepole. Naye alikaa kimya, nikasikia mizani yake ikigusa meza.

Wiki iliyofuata alinitumia picha. Sanduku la plastiki, safu kwa safu, shaba ikimeta. Kwenye kifuniko kuna mwandiko wa binti, kwa wino mweusi: VIASI 50.