Msiba wa Baba Mtakatifu katika Nchi ya Ntuzu: Bariadi na Simiyu, 1958–2025

Kwa Wasukuma wa kale, kifo cha mkuu hakikutangazwa. Mtemi alipofariki, banang'oma, yaani wazee waliotunza ngoma na siri za utawala, walikificha kifo hicho. Watu waliambiwa kwamba mtemi anaumwa, maziko yakafanywa kimyakimya, na habari ikatoka mrithi alipokwisha kupatikana. Sababu ilikuwa wazi: kiti kitupu huzua ugomvi wa wanaukoo na kuwatamanisha majirani. Ntuzu, Kanadi, Itilima na Dutwa, nchi ambazo leo ni sehemu kubwa ya mkoa wa Simiyu, zilitawaliwa na watemi wa jadi hiyo. Kanisa Katoliki lilikuja na desturi iliyo kinyume kabisa. Mkuu wake akifa, kengele hugongwa, tangazo hutolewa siku hiyohiyo, na kiti hubaki wazi mbele ya macho ya dunia kwa wiki mbili au tatu.

Desturi hiyo ilichukua muda kuota mizizi Bariadi, kwa kuwa Ukatoliki wenyewe ulichelewa kufika. Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers, walifungua kituo cha Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza, mwaka 1883, lakini upande wa mashariki Waprotestanti ndio waliotangulia. Waanglikana walikuwa Nassa, sasa wilaya ya Busega, tangu 1888, kisha mwaka 1909 wakawaachia kituo wamisionari wa Africa Inland Mission. Waadventista Wasabato nao waliingia Ntuzu enzi za Wajerumani. Vikariati ya Musoma-Maswa iliundwa mwaka 1946, na miaka kumi baadaye likawapo jimbo la Shinyanga chini ya Askofu Edward McGurkin, Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Kwa hiyo msiba wa Papa katika eneo hili haukuwa kamwe msiba wa watu wote. Ulikuwa wa sehemu ya watu, waliokaa nyumba kwa nyumba na waumini wa Africa Inland, Wasabato, Waislamu, na wengi walioendelea na matambiko ya mababu.

Pio wa 12 alipofariki tarehe 9 Oktoba 1958, Bariadi ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Maswa. Redio zilikuwa chache mno. Gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1950, lilichapwa Tabora, na kituo cha reli cha kutegemewa upande huu kilikuwa Malampaka, kwenye njia ya Tabora kwenda Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Kutoka hapo, habari ilisafiri kwa lori la pamba, kwa baiskeli ya katekista na kwa miguu. Umbali, hata hivyo, haukuwa kikwazo pekee. Misa ilisomwa kwa Kilatini, na ile sala kuu ambamo Papa anaombewa kwa jina padre aliisema kwa sauti ya chini akiwa amewapa waumini mgongo. Mkulima wa Kanadi angeweza kuhudhuria Misa miaka mingi bila kulisikia jina la Pio hata mara moja. Ni vigumu kumlilia mtu ambaye hata jina lake halijapita sikioni.

Yohane wa 23, aliyefariki tarehe 3 Juni 1963, alikuwa na jambo la kumfanya akumbukwe huku. Mwaka 1960 alimfanya Laurean Rugambwa, askofu wa upande wa pili wa Ziwa, kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika. Kwa hiyo uchaguzi wa mrithi wake ulikuwa wa kwanza ambamo Mtanganyika alipiga kura. Msiba huo uliangukia mwaka wa pekee katika Usukuma, kwani mwanzoni mwa 1963 sheria ya Tanganyika huru iliwaondoa watemi madarakani. Kifo cha mtemi, kilichokuwa siri ya dola, kikageuka kuwa msiba wa familia kama mingine. Mkuu pekee wa jadi ya kale ambaye kufa kwake kuliendelea kutangazwa kutoka madhabahuni alikuwa yule wa Roma.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na lugha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliruhusu lugha za watu katika ibada, na kabla ya miaka ya 1970 sala yote ya Ekaristi ilikuwa ikisomwa kwa Kiswahili, kwa sauti, padre akiwaelekea watu. Jina la Papa na la Askofu likawa linasikika kila Misa. Radio Vatikani ilikuwa tayari na matangazo ya Kiswahili tangu 1961. Neno “papa” lenyewe halikuleta utani Bariadi kama lilivyoleta pwani, ambako papa ni samaki mwenye meno, japo waumini wengi hata huku hupendelea kusema Baba Mtakatifu.

Mwaka 1978 ulilipima zoea hilo jipya. Paulo wa Sita alifariki tarehe 6 Agosti. Mrithi wake, Yohane Paulo wa Kwanza, alifariki usiku wa tarehe 28 Septemba baada ya siku 33. Mapapa watatu waliombewa katika sala ya Ekaristi ndani ya miezi mitatu, na katikati yake vipindi viwili ambavyo jina halikutajwa kabisa, kwa maana kiti kikiwa wazi padre huliruka na kumtaja Askofu peke yake. Kwa muumini wa kigangoni ukimya huo mfupi ndio bendera ya nusu mlingoti. Hata hivyo misiba hiyo miwili ilimezwa haraka, kwa kuwa mwezi Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na Kanda ya Ziwa ikawa na mambo mengine ya kuomboleza.

Yohane Paulo wa Pili aliombolezwa kwa namna nyingine kabisa, na sababu yake ni ya mwaka 1990. Septemba ya mwaka huo alifanya ziara Tanzania na kufika Mwanza, mji ambao watu wa Bariadi na Maswa huuendea kwa hospitali, biashara na shule. Papa akawa mtu aliyekwisha kuikanyaga ardhi ya jirani, na desturi ya Kisukuma inatofautisha sana kati ya marehemu asiyejulikana na marehemu aliyewahi kukaribishwa. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Aprili 2005, saa nne na dakika 37 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Wenye redio walipata habari usiku huohuo. Waliobaki waliipata asubuhi kanisani, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumapili, na hiyo ilimaanisha kwamba walipokea taarifa wakiwa wamekusanyika, kama inavyotakiwa kwa msiba.

Hapo ndipo ilipoonekana shida ya msiba usio na maiti. Msiba wa Kisukuma ni kazi ya mikono: kuchimba kaburi, kuteka maji, kutafuta kuni, kupika, kulala matanga, majembe yakiwekwa chini hadi marehemu azikwe. Kwa Papa hakuna kaburi la kuchimba wala mfiwa wa kupelekewa rambirambi. Kanisa lilijaza pengo hilo kwa yale liliyo nayo: Misa za kumwombea marehemu, rozari katika jumuiya ndogo ndogo, picha yake iliyozungushiwa maua karibu na altare, na zile siku tisa za maombolezo ambazo Roma huanza kuzihesabu siku ya maziko. Majirani wa madhehebu mengine walitimiza wajibu wa ujirani kwa kutoa pole, na Mkatoliki wa Bariadi akajikuta, pengine kwa mshangao, akipokea pole kama mfiwa halisi. Kwa kipimo cha huku, pole hiyo ilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote.

Benedikto wa 16 hakuacha alama kama hiyo. Alijiuzulu Februari 2013, na alipofariki tarehe 31 Desemba 2022 jina lililokuwa likitajwa katika Misa lilikuwa la Fransisko kwa karibu miaka kumi. Hapakuwa na kiti kitupu wala jina la kuruka.

Fransisko mwenyewe alifariki Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2025, na tangazo likatolewa karibu saa tano kasoro robo asubuhi kwa saa za Tanzania. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa, watu wako nyumbani na simu ziko mkononi. Habari iliyochukua siku nyingi mwaka 1958 ilifika sasa kwa WhatsApp ya kwaya na ya jumuiya kabla paroko hajapata nafasi ya kusimama mimbarini. Fransisko hakuwahi kufika Tanzania, lakini mwaka 2015 alimteua Liberatus Sangu kuwa Askofu wa Shinyanga, na mwaka 2023 akamfanya Protase Rugambwa wa Tabora kuwa kardinali. Alizikwa Jumamosi tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano, ambayo nayo ni mapumziko, hivyo mwenye televisheni au kifurushi cha intaneti aliyafuata maziko moja kwa moja. Watu wa mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012, walihudhuria kwa macho msiba ambao babu zao waliusikia kwa katekista.

Ukimya wa jina ulidumu hadi tarehe 8 Mei 2025, alipochaguliwa Robert Prevost, akajiita Leo wa 14. Papa wa mwisho kulitumia jina hilo alifariki mwaka 1903, na alikuwa kwenye kiti wakati Bukumbi inafunguliwa. Kwa Kiswahili jina lenyewe ni neno la kila siku, kwa hiyo katika vigango vya Bariadi sala ya Ekaristi sasa inamwombea “Papa wetu Leo”, na anayesikiliza kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba anaombewa Papa wa leo tu.