Banda la kuku la kuhamisha: mpangaji aanzie kupima kwenye mlango wa parsele

Mjini Goma, familia nyingi zenye kufuga kuku haziko kwao. Wako wapangaji. Wanalipa garanti, wanaingia katika parsele ya mtu, wanaanza na kuku watatu, kisha wanafika kumi. Siku mwenye nyumba anataka nyumba yake, kuku wanafungwa miguu wanapelekwa, lakini banda linabaki. Mbao, misumari, manjanja na wavu, vyote ambavyo mpangaji alinunua kidogo kidogo, vinakuwa mali ya mwenye parsele ao ya mpangaji mwenye kufuata. Huko anakohamia, anaanza tena kununua.

Njo maana wafugaji wengine wanachagua banda lenye kuhamishwa. Haliko jambo la kitajiri. Ni kibanda cha mbao kisichochimbiwa chini, chenye watu wawili wanaweza kuinua na kupeleka pengine.

Kwa Goma kuna sababu nyingine, nayo ni mawe. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani Kivu, na sehemu kubwa ya mji leo imejengwa juu ya lava, ya mwaka ule ao ya zamani zaidi. Kuchimba shimo la nguzo katika parsele ya namna ile ni kazi ya siku nzima, na wakati mwingine haifaulu. Banda lenye kukaa juu ya udongo bila shimo linaondoa shida hiyo yote.

Watu wasidanganyike lakini. Mwezi wa Mei 2021, volkano ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 wakuu wakaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe. Watu walielekea Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Siku kama ile mtu anabeba watoto, habebi banda. Banda la kuhamisha ni la uhamaji wa kawaida: nyumba imeisha mkataba, parsele imeuzwa, ao mahali pale pamejaa kinyesi na pananuka.

Na wale wasiokuwa na banda kabisa wanafanya nini? Wanalaza kuku jikoni, chini ya meza, ao katika chumba cha watoto, sababu ya wezi. Inaeleweka. Lakini kinyesi cha kuku kinabeba vijidudu kama salmonela na kampilobakta, na mtoto mwenye kutambaa anaweka mkono chini kisha kinywani. Kuharisha kwa watoto wadogo kunaweza kutoka pale pale. Kibanda kidogo chenye kufungwa vizuri, nje, karibu na dirisha la kulala, kinasaidia kuku na watoto pamoja.

Mlango, bidoni na chukudu

Makosa ya kwanza ya wengi ni kuanza na hesabu ya kuku. Mtu anasema, niko na kuku kumi, nataka banda la kuku ishirini sababu wataongezeka. Fundi anatengeneza kitu kikubwa cha meta 2 kwa meta 1 na nusu. Siku ya kuhama, hakipiti mlangoni, na kinahitaji watu sita. Kwa kweli ni banda la kudumu lenye kujiita la kuhamisha.

Vitu vitatu vinapimwa kwanza. Cha kwanza ni mlango wa parsele. Milango midogo ya watu kupita mara nyingi haifiki meta moja kwa upana, na parsele nyingi hazina mlango mwingine. Upana wa banda lazima ukae chini ya kipimo hicho, na nafasi ya vidole vya wenye kubeba ihesabiwe pia.

Cha pili ni uzito. Kila mtu anajua bidoni ya lita 20 iliyojaa maji: ni kilo 20. Kanuni rahisi ni kwamba banda tupu lisipite bidoni mbili, maana kilo 40, ili kila mwenye kubeba apate bidoni moja. Watu wakubwa wawili wanaiweza, hata mama na kijana wake.

Cha tatu ni chukudu. Kwa uhamaji wa mbali, toka Majengo mpaka Ndosho kwa mfano, chukudu ndiyo inabeba. Inabeba mizigo ya mamia ya kilo bila shida, lakini kitu kipana sana kinagonga watu na motari njiani. Kibanda cha meta 1 na sentimita 20 kwa sentimita 80 kinalala juu yake vizuri na kinafungwa kwa mipira.

Sasa hesabu ya kuku inaingia. Kwa kuku wa kienyeji wenye kutembea nje mchana na kulala ndani usiku, meta moja ya mraba inatosha kuku 4 mpaka 5. Meta 1.20 kwa 0.80 inaleta karibu meta moja ya mraba. Kwa hiyo kibanda kimoja kinalaza kuku watano. Mwenye kuku kumi anatengeneza viwili.

Hapa fundi atabisha, na ana haki yake. Vibanda viwili vidogo vinakula mbao kuliko kimoja kirefu chenye nafasi ile ile: ukuta wa kuzunguka unatoka meta 6.40 na unafika meta 8. Lakini mwenye pesa kidogo anaweza kujenga kimoja mwezi huu na cha pili miezi mitatu kuja. Tena kuku akigonjwa, ao akinunuliwa mpya sokoni, iko mahali pa kumtenga. Kuku wa soko akae peke yake wiki mbili mbele ya kuchanganywa na wengine. Kwa mtu mwenye kumi tu, kuku mmoja wa soko anaweza kumaliza wote, na faida hiyo inapita gharama ya mbao.

Vifaa

Bei ya mbao Goma haiko sawa na ya Bunia, Butembo wala Kindu, na inacheza na dola. Ni afadhali kwenda depo na hesabu ya meta. Kwa kibanda kimoja chenye urefu wa sentimita 90 mbele na 70 nyuma, ili maji yateremke nyuma, gongo lote linahitaji karibu meta 13 za miti iliyopasuliwa ya sentimita 4 kwa 4. Katika hizo, miti miwili ya chini iwe ya meta 2 kila mmoja, yenye kutokeza sentimita 40 kila upande. Ile ndiyo mikono ya kubebea, sawa kipoyi cha mgonjwa. Bila mikono hiyo, watu watashika manjanja na kuyang'oa.

Ukuta usitengenezwe na mbao nene za kujengea nyumba. Mbao ya sentimita 2 na nusu inapitisha banda zile bidoni mbili haraka sana. Mianzi iliyopasuliwa na kusukwa ni nyepesi, na mafundi wa vikapu wanaijua. Mbao nyembamba za masanduku ya soko zinafaa pia. Juu, njanja moja inatosha na inabaki. Bashi ya plastiki ni nyepesi zaidi, ila jua linaikausha, inapasuka, na mvua inaingia usiku. Wenye kuwa na bashi waitumie kwa upande wa upepo.

Chini kuwe na vipande vya mbao vyenye kuachana kidogo, kinyesi kianguke. Kuku mwenye kulalia na vifaranga wawekewe kipande cha gunia, la sivyo miguu ya vifaranga itaingia katika nafasi zile. Kijiti cha kulalia, kila kuku anahitaji karibu sentimita 20. Kijiti cha meta 1.20 kinatosha watano kabisa, chenye unene wa shoka la mpini, kilichosuguliwa kisiumize. Kiota kimoja chenye giza, sentimita 30 kila upande, kinatosha kuku wanne ao watano. Kartoni ya sabuni inafanya kazi, na ikichafuka inachomwa.

Kwa mlango, vipande viwili vya mpira wa gurudumu la motari vinashika mahali pa chuma. Pesa iliyobaki iende kwa kadena nzuri.

Hewa

Bukavu, Goma na Butembo kuna baridi usiku, na mfugaji anaogopa kuku watakufa. Anaziba kila tundu. Lakini kuku mkubwa yuko na manyoya, baridi kavu anaivumilia. Chenye kumuua ni unyevu pamoja na ile harufu kali ya kinyesi, amonia, yenye kuchoma macho na mapafu. Njia ya kupima haina gharama: asubuhi mapema, mbele ya kufungua, mtu aingize kichwa mlangoni. Macho yakichoma, hewa haitoshi. Nafasi ya hewa iwe juu, chini ya manjanja, upande usiopigwa na upepo wa mvua, na ifunikwe kwa wavu.

Kule Uvira mambo yanageuka. Joto la kando ya Tanganyika linafanya kibanda chenye njanja ya chini kuwa kama furu ya mkate mchana, na kuku wenye kutaga wanaingia saa zile zile. Pale pande mbili zifunguliwe kwa wavu na nyasi ziwekwe juu ya njanja. Bukavu shida ni mlima: kibanda kiwekwe mahali palipolinganishwa, kizuiwe kwa mawe upande wa chini, kisiwekwe kamwe kwenye njia ya maji ya mvua.

Wezi wa miguu miwili na wengine

Kitu chenye watu wawili wazuri wanaweza kubeba, wezi wawili wanakibeba pia, na kuku ndani. Hiyo ni aibu kubwa ya banda la kuhamisha na hakuna sababu ya kuificha. Dawa ni cheni yenye kuzunguka gongo (haizunguki mikono peke yake, sababu mikono inakatwa kwa msumeno) na kufungwa kwa kadena kwenye mti, kwenye chuma cha dirisha, ao kwenye jiwe kubwa la lava. Kuna wanaofunga mikebe mitupu chini ya banda ili ipige kelele likiguswa. Inafanya kazi, hata kama majirani wananung'unika siku panya anapita.

Wavu wenye matundu makubwa unazuia kuku kutoka, hauzuii adui kuingia. Panya na kicheche wanapita, ao wanavuta kichwa cha kuku nje. Matundu ya sentimita moja na kidogo ndiyo salama, na sababu ni ghali, uwekwe tu kwenye nafasi ya hewa.

Vijijini, Masisi, Walikale ao Fizi, siafu ni hatari kuliko mwizi. Wakiingia usiku katika banda lililofungwa, asubuhi kuku wamekufa. Miguu mifupi ya sentimita 30, kila mmoja ukisimama ndani ya mkebe wenye maji na mafuta ya motari yaliyokwisha kutumika, inawazuia, ila majani yasiguse banda, sababu siafu watayafanya daraja.

Kuhusu Newcastle, yenye wengi wanaita kideri, banda halisaidii. Ni chanjo, yenye kurudiliwa kila miezi mitatu ao minne, na veterineri wa karibu ndiye wa kuulizwa.

Kuhamisha

Penye majani, kibanda kisogezwe kila siku ao kila siku mbili. Muda huo una maana: mayai ya vijidudu vya koksidiozi, yenye kutoka na kinyesi, yanahitaji karibu siku moja ao mbili kwenye unyevu na joto ili yawe na nguvu ya kuambukiza. Vifaranga njo wanaokufa zaidi. Katika parsele ya lava bila majani, kusogeza mara moja kwa wiki na kufagia kinatosha, na kinyesi kinawekwa katika gunia kwa ajili ya bustani. Kibichi kisitiwe kwenye lengalenga iliyo karibu kuvunwa. Kioze kwanza, ao kiwekwe miezi mitatu mpaka minne mbele ya mavuno.

Siku ya kuhama nyumba, kibanda kinabebwa usiku ao alfajiri, kuku wakiwa ndani kwenye kijiti chao. Kuku watano wanaongeza karibu kilo 8 mpaka 10, wenye kubeba wajue. Kwenye parsele mpya wasifunguliwe mara moja. Wakae ndani siku mbili wakipewa maji na chakula, na siku ya tatu mlango ufunguliwe jioni, saa moja mbele ya giza. Watazunguka karibu, watachakura kidogo, na giza likianza watarudi wenyewe katika kibanda wanachokijua, hata kama mawe ya pale na majirani ni wapya.