Kasi ya risasi: namba inayodanganya

Jina la Muheto, katika milima ya Masisi mashariki mwa Kongo, humkumbusha msemaji wa Kinyarwanda neno umuheto, yaani upinde. Nguvu ya upinde haina siri: mkono unaouvuta ndio unaoipima. Nguvu ya bunduki imejificha ndani ya mtutu, na kwa miaka mingi aliyeishika hakuwa na njia ya kuijua ila kwa kutazama shabaha imefanywa nini. Ndiyo maana historia ya vyombo vya kupimia kasi ya risasi inawahusu pia watu wa Masisi na wa Walikale jirani yake, ambao hawakuviunda wala kuvinunua. Wanaojaza upya maganda ya risasi huko Marekani na Ulaya hubishana siku hizi ni chombo gani cha kununua, na wengi wao hutafuta namba kubwa. Historia inaonyesha kwamba namba hiyo, ikisimama peke yake, hudanganya, na kwamba chombo cha maana ni kile kinachokuambia kimepima wapi na risasi moja imetofautiana na nyingine kwa kiasi gani.

Tuanze na Mwingereza Benjamin Robins, aliyechapisha kitabu chake cha elimu ya mizinga mwaka 1742. Robins alitundika ubao mzito mfano wa pembea, akaupiga risasi, kisha akapima kwa utepe ubao umerudi nyuma umbali gani. Kwa kuwa alijua uzito wa ubao na uzito wa risasi, hesabu ikampa kasi. Risasi ya mviringo ya bunduki ya kawaida ya wakati ule ilitoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 500 kwa sekunde. Lakini ugunduzi wake mkubwa ulikuwa mwingine. Alipousogeza ubao mbali zaidi na bunduki, kasi ilishuka vibaya mno. Hewa, ambayo wataalamu wengi waliiona si kitu, iliisukuma risasi nyuma kwa nguvu iliyopita uzito wa risasi yenyewe zaidi ya mara 100. Kwa hiyo tangu kipimo cha kwanza cha kuaminika, jibu la swali la kasi lilidai swali la pili: kasi ya wapi?

Hatua iliyofuata ilitoka katika nchi ambayo baadaye ingeitawala Kongo. Katika miaka ya 1860 afisa wa mizinga wa Ubelgiji, Paul-Émile Le Boulengé, alibuni kipimakasi kilichotumiwa na majeshi mengi hadi karne ya 20. Fimbo mbili, moja ndefu na moja fupi, zinaning'inia kwenye sumaku za umeme. Risasi ikikata waya wa kwanza, fimbo ndefu inaanguka. Ikikata waya wa pili, fimbo fupi nayo inaanguka na kufyatua kisu kinachoichanja ile ndefu ikiwa bado hewani. Mahali pa chanjo ndipo panapotaja muda, kwa sababu kila kitu huanguka kwa sheria ileile. Kabla ya kupiga, fundi huziachia fimbo zote mbili kwa pamoja. Chanjo inapaswa kukaa milimita 110 hivi kutoka mwanzo, na isipokaa hapo, chombo kinarekebishwa kwanza. Nyaya zikiwa mita 50 mbalimbali, risasi ya mita 400 kwa sekunde huacha chanjo kwenye sentimita 37, na iliyozidi kwa mita 10 tu huiacha milimita 8 chini ya hapo. Tofauti hiyo mtu anaiona kwa macho yake bila miwani. Kwa maoni yangu, uzuri wa chombo hiki ni lile jaribio la kwanza lisilo na risasi: kilikubali kukaguliwa kabla ya kuaminiwa.

Sasa linganisha namba. Bunduki za kijeshi za baruti nyeusi zilizoivamia Afrika ya kati, kama Albini iliyobebwa na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Dola Huru ya Kongo, au Mauser ya 1871 ya askari wa Wajerumani, zilitoa risasi kwa mita 400 na kitu kwa sekunde. Ukisoma namba ya mdomoni mwa mtutu peke yake, gumegume la Robins linazishinda. Hakuna aliyepigana vita vya uvamizi huo ambaye angekubali. Risasi ndefu inayozungushwa na mifuo ya mtutu hulinda kasi yake njiani, ile ya mviringo huitupa. Tena bunduki inayojazwa kwa nyuma hupiga mara kadhaa wakati mwenye gumegume bado anashindilia baruti.

Wanasheria walilielewa jambo hili. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha za moto, hasa bunduki zenye mifuo, na risasi zake kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini uliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Masisi na Walikale zilikuwa katikati ya ukanda huo. Uzito wa suala hilo ulionekana Januari 1895, pale Kapteni Lothaire wa Force Publique alipomnyonga Charles Stokes, mfanyabiashara wa pembe mzaliwa wa Ireland aliyekuwa na makao Unyamwezi, kwa tuhuma za kuwauzia silaha wapinzani wa Dola Huru ya Kongo. Lothaire alifikishwa mahakamani akaachiwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba mkataba haukutaja kasi popote, na kwamba baruti mbovu ya biashara isingeweza kufikia mita 500 za Robins. Ni kweli yote mawili. Lakini pingamizi la pili linaisaidia hoja yangu. Baruti ya kupimwa kwa mkono, risasi isiyobana mtutu na unyevu wa msitu wa Walikale vilifanya kila mlio uwe na kasi yake. Kilichokuwa kimefungiwa nje ya mpaka ni usawa: ganda la shaba lililojazwa kiwandani, ambalo la kumi hupiga kama la kwanza. Baruti isiyo na moshi aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884 iliongeza kasi hadi zaidi ya mita 600, na pengo likazidi kupanuka.

Kwa anayejaza maganda leo kwa kibali cha sheria, somo ni lilelile. Vipimakasi vya mwanga, ambavyo Ken Oehler wa Texas alisaidia kuvifikisha kwa raia wa kawaida, huhesabu muda kati ya macho mawili. Macho yakiwa sentimita 60 mbalimbali, kosa la milimita 3 katika kuyapanga huongeza au kupunguza mita 3 na nusu kwenye risasi ya mita 700, na mwanga wa jua unaobadilikabadilika huyachanganya. Kile cha sumaku kinachofungwa kwenye mtutu, kama MagnetoSpeed, hakijali jua, ila uzito wake hubadili mtikisiko wa mtutu, kwa hiyo usipime kasi na shabaha kwa pamoja. Rada ndogo, kama Garmin Xero iliyotoka 2023, huwekwa kando na kuifuata risasi ikiruka, lakini kasi ya mdomoni inayoandika ni hesabu ya kurudi nyuma kutokana na ilichokiona mbele.

Wapo watakaosema rada imemaliza ubishi. Imemaliza usumbufu tu. Bado mtu hupiga milio mitatu, akachagua namba kubwa na kuongeza baruti, wakati milio 10 ingemwonyesha kwamba milio yake inapishana kwa mita 30 kwa sekunde, jambo ambalo ndilo tatizo lenyewe. Namba kubwa kupita matarajio ni onyo kwamba presha imepanda.

Masisi hakuna anayehitaji rada. Huko kinachosomwa ni kitako cha ganda lililookotwa barabarani, chenye alama za kiwanda na mwaka, na ndicho wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wamekifuata kutafuta risasi zilitoka wapi. Ganda likishajazwa upya, kitako kinataja kiwanda kimoja na baruti imetoka pengine. Ndiyo maana inafaa kwamba Mkataba wa Kinshasa wa 2010 wa kudhibiti silaha ndogo Afrika ya kati, ulioanza kutumika Machi 2017, hautaji silaha tu bali pia risasi na vipuri vyake.