Chema Chajiuza?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imetulea wengi wetu, nayo ndiyo inayowafunga ndimi vijana wetu wanapoketi mbele ya jopo la usaili na kuambiwa, "Hebu tueleze habari zako." Kijana aliyefunzwa adabu hutaja jina lake, kijiji chake na shule aliyosoma, kisha huinamisha macho na kungoja wema wake ujiuze. Haujiuzi.

Zamani uliweza kujiuza. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, wasomi walikuwa wachache mno. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, njia kuu za uchumi zilikuwa mikononi mwa umma, na Serikali iliyomsomesha kijana ndiyo iliyompangia kazi. Mhitimu alingoja barua ya kupangiwa kituo. Hakuna aliyemwuliza kwa nini anaitaka kazi, maana jibu lilijulikana: taifa linamhitaji. Vyeti vilisema kwa niaba yake.

Uchumi ulipoyumba, mambo yakageuka. Mwaka 1986 tulipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 Serikali ikapunguza watumishi, mashirika ya umma yakabinafsishwa. Mwaka 2007 Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 ilirekebishwa, ikazaliwa Sekretarieti ya Ajira ya kusimamia usaili wa ushindani. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakigombea nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Katika umati kama ule, nani atauona wema uliokaa kimya?

Maswali ya usaili nayo yana historia. Mwaka 1921 huko Marekani, Thomas Edison aliwapa waombaji kazi maswali zaidi ya 140 ya kupima wanayoyajua. Maswali hayo yalivuja magazetini, na Albert Einstein alipoulizwa kasi ya sauti, alijibu kwamba habeba kichwani jambo linalopatikana vitabuni. Kujua mambo mengi si kujua kazi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia John Flanagan, aliyekuwa amewachunguza marubani wa vita, alieleza njia ya kukusanya visa halisi vya watu wakiwa kazini. Swali tunalolisikia leo, "Tueleze siku ulipokutana na tatizo," ni la ukoo huo. Msingi wake ni kwamba tendo la jana hutoa dalili ya tendo la kesho.

Binti wa dada yangu aliniuliza, "Mjomba, nitajisifuje mbele ya watu wazima?" Nikamwambia, "Usijisifu, mwanangu. Simulia." Alikuwa ameshika vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa, akataka kulieleza jopo kwamba yeye ni mwaminifu. Neno hilo hata mwizi hulisema. Nikamshauri aeleze jinsi hesabu zilivyopishana, akapitia stakabadhi moja moja, akaona mchango ulioandikwa mara mbili, akausahihisha mbele ya wanachama. Uaminifu wake wataukuta humo wenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa maswali mengine. Ukiulizwa udhaifu wako, usiseme unafanya kazi kupita kiasi, kwani hakuna anayeamini. Taja upungufu wa kweli na hatua unayoichukua kuurekebisha. Ukiulizwa kwa nini wakuajiri wewe, usianze na shida zako, hata kama ni nyingi. Anza na shida ya ofisi ile, kisha onyesha kazi uliyokwisha kuifanya inayofanana nayo. Na usipojua, sema hujui, kisha eleza utakavyotafuta jibu.

Tusiwadanganye vijana wetu, hata hivyo. Jibu zuri halizai nafasi ya 71. Wapo waliojibu vema wakarudi nyumbani mikono mitupu, na hilo si kosa la ndimi zao. Lakini aliyekosa kwa sababu nafasi zilikwisha, na aliyekosa kwa sababu hakujulikana ana nini, hawakupatwa na jambo moja.

Basi methali tusiitupe. Chema hujiuza kikiwa kimeonekana, na muuza maembe hajisifu anapofunua kapu lake.