Unatoka Same kwenda kuzamia baharini? Jinsi ya kuchagua wetisuti yako ya kwanza

Ukipanda gari Same mjini saa sita mchana kwenda Chome, unaondoka na tisheti na unafika ukitafuta sweta. Watu wa Upareni hawahitaji kufundishwa hilo.

Kwenye maji mambo ni hayo hayo. Joto hubadilika kwa msimu, kwa mahali na kwa kina unachoshuka. Ndiyo maana anayeanza kuzamia (kushuka chini ya maji na mtungi wa hewa, siyo kuzamia meli kwenda Sauzi) anahitaji vazi sahihi.

Vazi hilo ni wetisuti, suti ya raba laini inayoitwa neopreni. Si nguo ya bei rahisi, na ukikosea hutaigundua dukani. Utaigundua ukiwa mita 15 chini, unatetemeka.

Hapa kuna mambo ya kujua kabla hujatoa hela.

Inafanyaje kazi?

Maji hupitisha joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Kwa hiyo hata maji ya nyuzijoto 26, ambayo ukitia mguu unaona ya uvuguvugu, yatakupoza ukikaa humo dakika 45.

Wetisuti haizuii maji kuingia. Inaruhusu maji kidogo yaingie, mwili unayapasha moto, kisha raba yenye viputo vidogo vya gesi inazuia joto hilo lisitoke haraka.

Unazamia wapi, na lini?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya rangi wala jina la kampuni.

Kwenye pwani yetu, kuanzia Tanga, Pemba na Unguja hadi Mafia, maji hucheza kati ya nyuzijoto 25 na 29 au 30. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, ni ya moto. Wakati wa kusi, Julai hadi Septemba, yanapoa.

Ziwa Nyasa wakati wa upepo wa baridi wa katikati ya mwaka linaweza kushuka hadi karibu nyuzijoto 23.

Mwongozo wa jumla wa unene ni huu:

- Nyuzijoto 28 na zaidi: milimita 2 hadi 3, hata ya mikono na miguu mifupi
- Nyuzijoto 25 hadi 27: milimita 3, mikono na miguu mirefu
- Nyuzijoto 21 hadi 24: milimita 5
- Nyuzijoto 16 hadi 20: milimita 7, pamoja na kofia, glavu na viatu vya raba
- Chini ya hapo: suti kavu, ambayo hairuhusu maji kabisa na ina mafunzo yake

Ukiona namba mbili, mfano 5/3, ya kwanza ni unene wa kifuani na mgongoni, ya pili ni wa mikono na miguu.

Kwa Mtanzania anayezamia nyumbani, chaguo la kwanza lenye akili ni milimita 3 ndefu. Ukiwa mtu wa kusikia baridi haraka, ongeza fulana ya neopreni yenye kofia ndani yake. Msimu wa joto unaivua, wa kusi unaivaa. Ni nafuu kuliko kununua suti mbili.

Ila kama una ndugu Oman na unapanga kuzamia huko, uliza mahali na mwezi. Pwani ya Dhofar wakati wa Julai na Agosti hupandishiwa maji baridi kutoka kilindini, joto likashuka hadi karibu nyuzijoto 20. Suti yako ya Unguja haitatosha hapo.

Kukaa mwilini ni muhimu kuliko unene

Suti ya milimita 5 inayopwaya itakupa baridi kuliko ya milimita 3 iliyokukaa vizuri. Sababu ni kwamba kila ukijigeuza, maji uliyoyapasha moto yanatoka na mapya yanaingia.

Ukiijaribu dukani:

- Gusa kiunoni kwa nyuma, kwapani na kati ya mapaja. Kusiwe na uwazi.
- Chuchumaa, kisha nyoosha mikono juu. Isikuvute mabegani.
- Vuta pumzi ndefu. Kifua kikibanwa, omba saizi kubwa zaidi.
- Shingoni ibane kidogo, lakini isikukabe.

Ukiwa nchi kavu itabana zaidi kuliko utakavyoisikia majini. Hiyo ni kawaida. Kushindwa kupumua siyo kawaida.

Inagoma kupita miguuni? Vaa soksi nyepesi kwanza, itateleza.

Kina kinaipunguza nguvu

Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Vile viputo ndani ya raba vinaminywa na suti inakuwa nyembamba. Mita 30 mgandamizo ni mara nne.

Kwa hiyo chagua kwa kufikiria maji ya chini utakakokaa, siyo ya ufukweni.

Vipi kuhusu mtumba?

Inawezekana, ila kagua. Ibonye kwa vidole: raba nzima inarudi, iliyochoka inabaki na alama. Ikunje magotini uone kama ina nyufa. Angalia mishono na zipu.

Halafu uliza kama ni ya kuzamia au ya kuteleza kwenye mawimbi. Ya mawimbi huwa na raba laini zaidi, na ikishuka chini inaminywa haraka.

Usisahau uzito

Neopreni inaelea. Ukibadilisha suti, uzito wa risasi unaofunga kiunoni nao unabadilika. Maji ya chumvi pia hukuelesha kuliko ya ziwani, kwa hiyo ukitoka baharini kwenda Nyasa utahitaji kupunguza kilo kadhaa. Fanya jaribio na mwalimu wako kwenye maji mafupi kwanza.

Na tafadhali, usiende kuijaribu suti mpya Ziwa Jipe kwa sababu ni karibu na nyumbani. Kule kuna mamba na viboko.

Jua la Same ni adui wake

Ukirudi, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, igeuze ndani nje na uianike kivulini. Kuianika juani kama jinzi ni kuiua, maana jua hukausha raba ikapasuka. Itundike kwenye hanga pana, usiikunje, na iwe mbali na petroli na mafuta ya taa.

Kodi kwanza, nunua baadaye

Vituo vingi vya kuzamia hukodisha suti au huijumuisha kwenye bei ya kozi. Tumia nafasi hiyo. Jaribu saizi na unene tofauti kwenye mizamio yako ya mwanzo, andika ulivyojisikia, kisha nunua.

La mwisho, kwa watu wa milimani

Ukizamia, nitrojeni huingia mwilini na huchukua saa nyingi kutoka. Ukipanda juu mapema mno, inaweza kutengeneza viputo mwilini, na hilo ni hatari kwa maisha.

Mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, Divers Alert Network, unashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamio mmoja wa kawaida, na saa 18 baada ya mizamio kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Ushauri huo unahusu mwinuko wa kuanzia takriban mita 600.

Same mjini ni zaidi ya mita 800. Vijiji vya juu ni zaidi ya hapo, na kilele cha Shengena kinapita mita 2,400.

Kwa hiyo ukizamia Tanga asubuhi, usikimbilie basi la jioni. Lala Tanga, kula samaki, panda gari kesho yake mchana. Nyumbani hapahami.