Progress Plaza: Dola 10 kwa Miezi 36

Jumapili moja ya mwaka 1962, Mchungaji Leon Sullivan alihubiri habari ya mikate mitano na samaki wawili katika kanisa la Zion Baptist, kaskazini mwa Philadelphia. Alipomaliza, akaomba waumini 50 watakaotoa dola 10 kila mwezi kwa miezi 36. Waliojitokeza walizidi 200.

Mchungaji huyo hakuwa mgeni wa mambo ya fedha. Mwaka 1960 yeye na wachungaji wenzake wapatao 400 waliwataka waumini wao wasusie keki za kampuni ya Tasty Baking mpaka iwafungulie weusi kazi ilizokuwa ikiwanyima. Kampuni ikasalimu amri, na nyingine zikafuata. Ajira zikapatikana, ila viwanja na maduka ya mtaani viliendelea kuwa vya watu wengine. Sasa alitaka kununua.

Aliyezoea upatu ataona mchango ule wa kawaida tu, mpaka asikie kwamba hakuna zamu ya kupokea. Dola 160, za miezi 16 ya mwanzo, ziliingia kwenye mfuko wa hisani, na mtoaji hakudai chochote. Ni dola 200 za miezi iliyobaki ndizo zilizomnunulia hisa katika kampuni ya biashara. Kwangu mimi, werevu wa mpango wote uko hapo: mwenye pupa ya faida angechoka na kujiondoa mapema, na wangebaki wanahisa wanaojua kungoja.

Walianza na nyumba za kupangisha, kisha wakageukia Broad Street, wakitaka kujenga kituo cha maduka. Agosti 1964 ghasia zilikuwa zimezuka jirani tu, Columbia Avenue. Maduka yakavunjwa na wenye mali wengi hawakurudi. Sullivan alipenda kusimulia alivyokwenda kwa mkuu wa benki kuomba mkopo wa ujenzi. Bwana yule alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba kwanza wangehitaji mtaji mkubwa wao wenyewe. Mchungaji akamwekea mezani hesabu za akiba ya waumini. Miwani ikamdondoka yule bwana, na mazungumzo yakaanza upya kwa lugha nyingine kabisa.

Progress Plaza ilifunguliwa Oktoba 1968, mbele ya maelfu ya watu. Hutajwa kuwa kituo cha kwanza cha maduka nchini Marekani kujengwa na kumilikiwa na weusi.

Jina la Sullivan lilifika mbali, hata Afrika Mashariki: mwaka 2008, miaka saba baada ya kifo chake, mkutano mkuu uliopewa jina lake ulifanyika Arusha. Lakini Broad Street mambo hayakuwa laini. Supamaketi iliyokuwa mhimili wa kituo ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa takriban miaka kumi wakazi, wazee wasio na magari wakiwemo, walifuata mboga na maziwa mitaa ya mbali. Umaskini wa Philadelphia Kaskazini haukwisha, na kudai kwamba maduka yale yangeumaliza ni kuyaonea. Desemba 2009 ikafunguliwa supamaketi mpya, Fresh Grocer, na Februari iliyofuata Michelle Obama akaja kuitembelea. Kituo kilikuwa kimekarabatiwa, na sasa kinaitwa Sullivan Progress Plaza.