Mungu Mtoto na Neno la Kuazima

Jirani yangu hapa Fedha husema Kiswahili ni lugha ya kuazima. "Hata jina la estate yetu ni Kiarabu!" Kweli, fedha ilitoka huko. Lakini hebu tuwaangalie Wagiriki.

Walikuwa na mungu mdogo wa bahari, Melikertes. Mama yake, Ino, aliruka naye baharini, wote wakageuka miungu. Inasimuliwa kuwa michezo ya Isthmia, karibu na Korintho, ilianzishwa kumwomboleza.

Jina lake je? Baadhi ya wasomi wanasema ni Kigiriki tupu: meli, ambayo kwao ni asali, na kukata. Yaani mrina asali. Wengine wanasema ni Melqart, mungu wa Tiro, mji wa Wafoinike waliokuwa mabaharia. Maana yake "mfalme wa mji". Ubishi haujaisha.

Sasa sikia: mfalme huyo wa Kifoinike ana mzizi uleule, m-l-k, uliotupa malkia, milki na mamlaka kupitia Kiarabu.

Basi huenda Wagiriki nao waliazima, na hakuna anayewacheka. Bandari zote huazima maneno. Si aibu, jirani.